Gongo Lisilopinda

Novemba 23, Jumapili

Barafu imeshika. Wiki nzima Garnet, mume wangu, na wenzake wamekuwa wakimwagilia uwanja kwa mpira wa gari la zimamoto, tabaka juu ya tabaka, na leo asubuhi niliingia mimi wa kwanza. Nilisimama katikati nikaruka mara mbili kwa uzito wangu wote. Haikulia. Basi msimu umeanza, na mwaka huu nina jambo la kuandika.

Jambo lenyewe ni gongo. Gongo jipya la hoki, jeusi tii, la kaboni, jepesi hata ukilishika unageuka kuangalia kama kweli umelishika. Nimelinunua jana mjini. Muuzaji aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Unamnunulia mzee, mama?"

Nina miaka hamsini na mbili. Naendesha greda ya wilaya. Theluji yote ya barabara za mji wetu wa Pellworth inasukumwa na mikono hii. Nikamwambia, "Najinunulia mwenyewe. Nipe lile wanalotumia wenye nguvu."

"Una kilo ngapi?"

"Hayo hayakuhusu."

Akashusha gongo lenye namba mia moja na mbili kwenye mpini. Nikalipa. Bei sitaiandika hapa, kwa sababu Garnet husoma daftari zangu halafu huapa kwamba hazisomi.

Februari 15 tunacheza na mji jirani, Dunvale, mechi ya Debe. Nimeicheza mechi hiyo miaka kumi na tisa na sijafunga goli, hata la kuokoteza. Mwaka huu nafunga. Nimeandika kwa wino.

Novemba 30, Jumapili

Mchezo wa kwanza. Tulikuja watu kumi na mmoja, baada ya kanisa kwa wanaokwenda kanisani. Tuligawana timu kama kawaida: kila mtu anatupa gongo lake katikati ya uwanja, mmoja anapiga magoti mbele ya lile lundo, anashusha kofia mpaka puani asione, halafu anatupa moja kushoto, moja kulia. Gongo lako lilikoangukia ndiyo timu yako. Hakuna rufaa.

Leo aliyepiga magoti alikuwa Delmer Friesen. Ana miaka sabini na mmoja, alitunza ghala la nafaka maisha yake yote, na ni mchoyo wa maneno kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anacheza na gongo la mbao ambalo hata jumba la makumbusho lingelikataa. Alipofika kwenye gongo langu alisita. Macho yamefunikwa na kofia, analipima mkononi, anajaribu kulikunja. Halafu akalitupa kushoto.

Ana wivu, nikasema moyoni. Mzee ameonja kitu kizuri.

Desemba 3

Theluji sentimita ishirini. Greda tangu alfajiri.

Desemba 7, Jumapili

Nimepiga mashuti tisa. Hakuna hata moja lililoinuka. Kile kisahani cheusi cha mpira tunachokipigania kinatoka kwenye gongo langu kinatambaa kwenye barafu kama kimetumwa dukani na hakina haraka. Garnet ndiye kipa wetu. La tisa alilisimamisha kwa kiatu, huku anasafisha kioo cha kofia yake.

"Mke wangu," akasema, "hizo ni pasi? Maana nashukuru."

Nadhani ni utepe. Nimelizungushia utepe mpya kwenye ubapa wa kupigia, toka kisigino mpaka ncha.

Desemba 10

Si utepe.

Desemba 14, Jumapili

Si viatu vya barafu pia. Nimevinoa vyuma vyake. Si barafu, kwa sababu wengine wote wanapiga. Yvette wa posta, ambaye ana mwili kama mshumaa, leo ameng'oa chupa ya maji juu ya goli. Mimi nikipewa pasi, kisahani kinagonga ubapa na kurudi kilikotoka. Kushika nashindwa, kupiga nashindwa. Mwaka jana, na gongo langu la zamani lililopasuka, nilikuwa nacheza vizuri zaidi, lakini hilo silisemi mbele ya mtu.

Kwenye kibanda, tukiota moto, Lyle aliniuliza gongo linaendeleaje. Lyle ni winga wetu na mdomo wake hauna breki.

"Tunazoeana," nikasema.

"Mzoeane haraka, Mama Greda. Dunvale hawasubiri harusi."

Wote wakacheka isipokuwa Delmer. Yeye alikuwa anamenya mbegu za alizeti na kutazama jiko. Hapa kwetu mtu hasemi neno juu ya gongo la mwenzake mpaka aulizwe. Unaweza kumsema mkewe, gari lake, hata mama yake kidogo, lakini gongo hapana. Mimi sijauliza, na siulizi.

Desemba 21, Jumapili

Nimegundua. Ni refu. Nikisimama na viatu vya barafu linanifika puani, na Yvette lake linamfika kidevuni. Nilikwenda gereji, nikalibana kwenye jiliwa, nikalikata vidole vinne kwa msumeno wa chuma. Lilinukia vibaya, harufu ya plastiki iliyoungua. Sasa linanifika kidevuni. Nimefurahi.

Desemba 28, Jumapili

Limezidi kuwa baya. Sielewi. Nimelipunguza na limezidi kuwa gumu, utadhani limenikasirikia kwa kulikata. Nimepiga mashuti sita, na la mwisho mikono iliniuma mpaka viwikoni.

Januari 4, Jumapili

Nina hasira na nitaandika mpaka ziishe.

Garnet ndiye nahodha. Leo kibandani alisoma majina ya watu kumi wa mechi ya Debe. Alisoma Lyle, alisoma Yvette, alisoma Delmer mwenye miaka sabini na mmoja. Akasoma wengine. Halafu akakunja karatasi, akaikunjua tena, akasema bila kuniangalia, "Na Arlene, akiba."

Akiba. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mstari wa kwanza au wa pili. Nimevunjika kidole mara mbili kwa ajili ya hilo Debe.

Niandike kuhusu Debe lenyewe, maana hasira zangu haziwezi kueleweka bila Debe. Ni debe la maziwa, la bati, la kiwanda cha siagi kilichokuwa katikati ya miji yetu miwili kabla hakijafungwa. Mshindi analiweka kwenye kibanda chake mwaka mzima. Lakini kushinda mechi hakutoshi. Siku mbili kabla ya mechi, wenye nalo hulijaza maji yakaganda, kwa roho mbaya tu, na ukiwashinda lazima watu wako wawili walitundike kwenye gongo la hoki, walibebe begani toka kibandani mpaka kwenye gari. Debe likigusa chini, au gongo likivunjika, linabaki lilipo. Miaka minne iliyopita tuliwashinda Dunvale, na gongo la mbao la Lyle likakatika mlangoni. Nililia, na sioni haya kuandika. Jumla sasa miaka sita Debe liko kwao, na mwaka jana nilipokwenda msalani kwao nililikuta huko chooni, wametumbukiza ndani brashi za kusafishia.

Nyumbani nilimuuliza Garnet, "Mimi akiba?"

"Nimweke nani nje, Arlene? Niambie jina."

"Sikuambii jina. Nakuuliza mimi ni akiba?"

"Tangu Novemba hujanifunga goli hata moja. Mimi, ambaye nalala nikikoroma golini." Akanishika bega. "Una nini mwaka huu? Unaumwa?"

Ningeweza kumwambia. Nilisema siumwi, nikaenda kukatakata kabichi ya Krismasi yetu ya tarehe saba. Nimekatakata nyingi kuliko iliyohitajika.

Januari 7

Krismasi kwa kalenda ya zamani ya kanisa la bibi yangu. Jana jioni tulikula vyakula kumi na viwili, nyama hakuna, ndiyo desturi. Pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, zilitoka vizuri. Na Garnet tumesalimiana.

Januari 11, Jumapili

Leo kuna jambo limetokea, nami nitaliandika lote.

Baridi digrii ishirini na tisa chini ya sifuri. Nilikuwa timu moja na Delmer. Katika kugombea kisahani pembeni, Lyle aligongana nami na gongo langu likaruka juu ya mbao za ukingo, likatua kwenye theluji nje ya uwanja. Kisahani kikaja moja kwa moja mbele yangu na mimi mikono mitupu. Delmer alikuwa amekaa benchi anapumzika. Alinyoosha lake juu ya ukingo, akanigusa nalo begani.

"Shika."

Nikashika. Sikufikiri. Nilipiga kama ninavyopiga siku zote, na nilipolikandamiza kwenye barafu nikalisikia lile gongo kuukuu likipinda. Lilipinda, halafu likarudi, na liliporudi likaondoka na kisahani. Mimi sikufanya kitu. Kisahani kilipita juu ya bega la Garnet kikagonga wavu wa nyuma, na Garnet akageuka kutazama nyuma kana kwamba kuna mtu amemwita.

Lyle akasema, "Huyo ni nani?"

Nikamrudishia Delmer gongo lake. Sikumshukuru. Nilienda kuliokota langu kwenye theluji, nikacheza nalo dakika zilizobaki, na nilipiga hewa mara mbili.

Nimeandika hapa mara ngapi kwamba ni utepe, ni viatu, ni urefu? Nimerudi nyuma nimesoma. Najiona mjinga. Wakati wote gongo lilikuwa linaniambia kitu kimoja, nami nilikuwa nalisemea.

Januari 13

Dhoruba. Barabara ya ghala imefungwa mara tatu na nimeifungua mara tatu. Barafu ilishika chini ya greda, nyundo ikawa imebaki nyumbani, nikachukua gongo jeusi nyuma ya kiti na kugongagonga nalo. Barafu ilidondoka mapande mapande. Gongo halikupata hata mkwaruzo.

Jioni gerejini nililisimamisha sakafuni, nikashika mpini kwa mkono mmoja juu na mwingine katikati, nikalala juu yake kwa kilo zangu zote sitini na nne. Halikupinda. Nikaongeza goti. Halikupinda.

Januari 17

Nimepita mbele ya nyumba ya Delmer na greda mara nne. Njia yake ya gari sasa ni safi kuliko ya meya.

Januari 18, Jumapili

Baada ya mchezo nilimfuata. Nimewahi kutoa gari la maiti mtaroni siku ya dhoruba, familia nzima ikinitazama, na ile ilikuwa rahisi kuliko leo.

Alikuwa gerejini kwake, anapanga zana. Ukutani kuna magongo ya mbao, nadhani thelathini, ambayo alinunua yote duka la vifaa lilipofunga. Nilisimama na gongo langu mkononi.

"Mzee Delmer," nikasema, "hili gongo lina nini?"

Akaweka chini alichokuwa ameshika. Akatoa kiti. Akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akanipa. Yote hayo kabla ya kufungua mdomo.

"Nasubiri uniulize tangu Novemba," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nikamnyooshea gongo. Akalichukua, akaonyesha ile namba kwenye mpini, mia moja na mbili. "Hiyo ni nguvu ya kulipinda. Hili ni la jitu. Mtu mwenye mwili wa Lyle mara moja na nusu. Wewe unataka sabini, au chini yake. Gongo lisipopinda halirudi, na lisiporudi halipigi. Unasukuma tu."

"Nikalikata."

"Nililiona. Nilitaka kulia." Akalishika mwanzo na mwisho. "Kijiti kirefu na kijiti kifupi, kipi kigumu kuvunja? Ulipolikata ndipo ulipolimaliza. Sasa ni bomba la maji."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwambia kila kitu: yule muuzaji, swali la kilo, jibu langu. Sijui kwa nini nilimwambia. Delmer alicheka, mara ya kwanza nimemsikia akicheka, sauti nyembamba inayotokea puani.

"Mimi nilinunua trekta hivyo," akasema.

Halafu akainuka, akatazama ukuta wake, akachukua gongo, akalirudisha, akachukua jingine akalipiga kwa kidole na kusikiliza. Akalibana kwenye meza na kuchukua randa. Alipunguza mpini pande zote mbili, pale chini juu kidogo ya ubapa, maranda membamba yakidondoka kwenye viatu vyangu. Kila baada ya muda ananipa, nalilalia, ananitazama, anachukua tena. "Bado. Bado. Bado kidogo." Mara ya saba nilisikia ule mpindo. Hakuuliza kitu. Akachukua msasa.

Nimeishi na mtu huyu mji mmoja miaka thelathini na nimekuwa nikisema ni kisirani. Hana kisirani. Ana adabu.

Januari 25, Jumapili

Nimemfunga Garnet mara mbili.

Februari 1, Jumapili

Mara tatu. Alivua kofia yake akanitazama muda mrefu. "Hilo la kaboni limekwenda wapi?"

"Limepumzika."

"Na bei yake?"

"Imepumzika pia."

Sijamwambia kwa nini. Delmer peke yake ndiye anajua. Gongo la mbao ni zito kuliko lile, linaloa, ubapa unaanza kunyonyoka nyuzi kwenye ncha. Pasi likipokea linatulia nayo. Mashuti yangu hayana mbio za ajabu lakini yanainuka, na yanakwenda ninakoyatuma. Usiku naliweka mbali na jiko lisikauke. Asubuhi naliona pale nasikia raha.

Februari 8, Jumapili

Garnet amesoma majina upya. Mstari wa pili, winga wa kulia, Arlene. Alisema haraka akaenda jina linalofuata, lakini niliona jina langu amelipigia mstari chini.

Februari 15, Jumapili

Nimekaa mezani na nataka kuandika kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Dunvale, uwanja wao, digrii ishirini na saba chini, jua kali. Watu wamepanga pikapu zao kuzunguka uwanja, wamekaa ndani wakipiga honi. Nahodha wao ni Vernon Stroh, muuza nyama, mwanamume mwenye shingo ya fahali. Aliponiona na gongo la mbao akaangua kicheko.

"Mama Greda, umekuja kutusafishia theluji?"

"Nimekuja kuwazoa, Vernon."

Walitufunga mbili za haraka. Lyle akarudisha moja, Yvette moja. Wakaongeza. Delmer akasawazisha kwa kisahani kilichogonga goti lake, akasimama pale akijifanya amekusudia. Wakaongeza. Lyle akasawazisha. Nne kwa nne, na dakika mbili zimebaki, na mimi nimeingia zamu yangu ya mwisho.

Kisahani kilikuwa pembeni. Yvette alikipiga kwenye ukingo kikarudi upande wangu. Nikakipokea, kikatulia. Vernon alikuwa anakuja. Miaka kumi na tisa, nikifika hapa, ninachofanya ni kukitupa haraka nisiumizwe. Safari hii nilisubiri. Nilikandamiza, gongo likapinda, nikalisikia mikononi kabla ya kuliona, na nikaliachia. Kisahani kiligonga mwamba wa goli kwa ndani, kikalia, kikaingia. Vernon alifika kwangu baadaye kidogo na nikaenda chini chali, nikatazama anga yote ya mkoa wetu wa Saskatchewan, na nilichofikiri ni kwamba nimefunga. Nilifunga mimi. Arlene Kostyniuk, kilo sitini na nne.

Honi zilipigwa. Garnet aliacha goli lake akaja akiteleza uwanja mzima na mavazi yote ya kipa, akaniangukia. Refa akamfukuza arudi golini. Dakika iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko Januari yote, lakini ikaisha.

Tano kwa nne.

Kisha tukaingia kibandani kwao. Debe walikuwa wamelitoa chooni wakalisimamisha katikati ya sakafu, limejaa barafu mpaka shingoni. Vernon alifunga mikono kifuani.

"Hongereni. Haya, gongo liko wapi? Mwaka ule mlileta la biskuti."

Watu wao wakacheka. Lyle akatazama viatu vyake. Kujaribu hakuruhusiwi, likishanyanyuka limehesabiwa. Tuliyaweka magongo yetu yote ukutani. Delmer akapita moja moja, anayakunja. La Yvette linapinda kama fimbo ya kuvulia samaki. Lingeshusha Debe mpaka chini. La Lyle lina ufa. Nikampa langu, langu zuri. Akalirudisha mikononi mwangu.

"Hili nililichonga lipinde," akasema. "Litakatika kabla ya mlango." Halafu, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, "Lile bomba lako liko wapi?"

Liko nyuma ya kiti cha pikapu yangu, nagongea barafu. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba nikilileta nitaulizwa. Nilikwenda nikalileta. Vernon aliitambua aina yake mara moja, akapiga mluzi.

"Gongo kama hilo, halafu unacheza na ubao? Lina nini?"

Garnet ananitazama. Wote wananitazama. Ningeweza kusema namtunzia mtu.

"Lina kiburi changu," nikasema. "Muuzaji aliniuliza kilo zangu nikamjibu vibaya, nikachukua la jitu. Limenishinda. Tangu Novemba nimepiga nalo mashuti ya aibu, nikalikata, likawa baya zaidi, nikakaa kimya. Halipindi hata kidogo. Na leo nataka kitu kisichopinda."

Hakuna aliyecheka. Vernon alikuna shingo yake.

Tukalipitisha kwenye mshikio wa Debe. Nilimchagua Delmer. Lyle akasema mzee atavunjika, na Delmer akamjibu kwamba amebeba magunia miaka arobaini na Lyle amebeba simu. Tukainama, tukahesabu tatu, tukainuka. Uzito uliingia begani mpaka kwenye nyonga. Gongo halikutikisika. Tulivuka kizingiti pale ambapo la Lyle lilikatika, tukashuka ngazi mbili zenye barafu, tukapita kati ya magari. Nilikuwa mbele, simuoni Delmer, nasikia pumzi yake tu, na sauti yake inasema, "Polepole, Arlene. Polepole. Tunalo." Hatua sitini na mbili. Garnet alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa pikapu, na uso wake umelowa na kuganda.

Tulipoliweka, Delmer akapitisha kidole kwenye mpini, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Gongo zuri," akasema.

Februari 16

Mwili wote unauma. Bega lina mstari mwekundu, na Garnet ameupiga picha. Ameniuliza bei. Nimemwambia. Alikaa chini, akafikiri, akasema, "Kwa Debe, si ghali."

Machi 22, Jumapili

Barafu imeanza kulia. Kuna madimbwi nyuma ya magoli na leo tumecheza kwa mara ya mwisho, viatu vikirusha maji. Gongo langu la mbao limepasuka kwenye kisigino katika shuti la mwisho. Delmer amelitazama akasema nipite Jumatano.

Debe liko kibandani kwetu, karibu na jiko, limejaa maua ya plastiki ya Yvette. Juu yake ukutani tumelipigilia gongo jeusi kwa misumari miwili.

Leo alikuja mwalimu mpya wa sayansi, Priscilla Okemow, mwanamke mrefu mwembamba, anataka kujiunga nasi msimu ujao. Alisimama chini ya lile gongo akalitazama kwa macho ya tamaa.

"Hilo la nani?"

"Langu."

"Linapiga vizuri?"

"Halipigi kabisa," nikamwambia. "Nililikosea kulinunua. Lakini hakuna gongo jingine mjini hapa lililofanya kazi yake."

Akafikiri. "Mimi nataka kununua moja mwezi ujao. Gumu, la wenye nguvu."

Delmer aliacha kumenya mbegu zake, akanitazama. Yeye hawezi kusema neno, hakuulizwa.

"Una kilo ngapi?" nikamuuliza.

Priscilla alinigeukia, akaniangalia juu mpaka chini. "Hayo hayakuhusu."

Nikasogea kwenye benchi kumpa nafasi, nikachukua chupa ya chai, nikammiminia kahawa.

"Kaa, mwanangu," nikasema. "Nikusimulie."